Mnabishana défense ya zama gani ilikuwa kali? Hamjaiona ile ya wazee wa Shituru

Wakuu, salamu kutoka Likasi.

Tangu juzi nawasoma mnavyotukanana juu ya basketi. Défense ya zamani, kule kuzuia, ilikuwa chuma, attaque ya leo, kule kushambulia, ingeipasua, sijui Wamarekani wa miaka ile walipiga viwiko. Wengi wenu mmeyaona kwenye simu, mmelala chali.

Miye nilikuwa uwanjani. Nitakayosema ni kweli tupu, na ubaya wake ni kwamba sehemu kubwa inaniaibisha mimi mwenyewe.

Shule niliachia darasa la nne, na Kiswahili changu ni cha Katanga. Mwalimu wa sarufi apite kimya kimya.

Ilikuwa miaka ya tisini, ile ya kuanguka. Nilikuwa mchomeleaji wa vyuma pale kiwanda cha shaba, Shituru. Nasema mchomeleaji, lakini hakukuwa na cha kuchomelea. Asubuhi unaingia getini, unakaa juu ya bomba, saa sita unatoka. Mkubwa wako anakuona, lakini na yeye amekaa juu ya bomba lake.

Ndiyo tukaunda timu. Mpira asubuhi, mpira mchana. Tulijiita Umeme, katika mji ambao umeme wenyewe... haya, tuache.

Attaque yetu ilitisha. Walikuja watu wa machimbo ya chokaa ya Kakontwe, vifua kama milango, tukawaacha wanahema. Watu wakauliza, hawa wana mwalimu gani? Mwalimu wetu alikuwa njaa. Mtu anayekula nusu sahani kwa siku ni mwepesi, jamani, anaruka kama karatasi.

Upande wa pili kulikuwa na Wazee. Hao walicheza miaka ya sabini, wakati kampuni inagawa unga, samaki, mpaka viatu vya raba. Sokoni walitutesa kwa sifa: défense yetu haijawahi kupitwa!

Sasa sikilizeni défense hiyo kubwa ilivyokuwa. Wanaume watano walioshiba wanasimama chini ya kikapu. Basi. Leo mnaita zone na mnachora mishale. Na attaque zilizokuja mbele yao zilikuwa za kutembea: pasi, pasi, ishara ya msalaba, tupa. Hapo hata kabati lingezuia.

Kiongozi wao alikuwa Papa Donati, amevuka hamsini, mtunza stoo wa cantine, lile duka la kampuni lililobaki na rafu na panya. Tena shemasi wa kanisa la maombi.

Mama mmoja mfanyabiashara, aliyekuwa akileta unga kutoka Zambia, akachoka na kelele zetu mbele ya meza yake. Akatoa gunia la unga wa mahindi, zima. Zama zenu zicheze, mshindi abebe.

Gunia likawekwa kwa Papa Donati, kwa sababu ndiye mwenye kufuli, na ni shemasi. Mngempa nani mwingine?

Mke wangu Julienne alikuwa na mapacha wa miezi saba. Maziwa yalikuwa yanakauka, watoto wanataka uji, na ndani hakuna hata vumbi la unga. Siku ya mechi akanishika shati.

"Baba Mapasa, leo urudi na bunga. Ukiniletea hadithi, utalala na ballon yako kule inje."

Nikacheka. Kuwashinda babu zangu? Niliona gunia liko tayari jikoni.

Sasa, Likasi tulikuwa na desturi: timu mwenyeji inawapokea wageni kwa chakula kabla ya mechi. Ilikufa pamoja na mishahara. Jumapili ile, baada ya ibada, Papa Donati akajiita mwenyeji, akaifufua pale cantine.

Tulikuta beseni tatu za bukari, ugali wetu ule mzito, unatoa moshi. Sombe, yaani kisamvu, ya mafuta ya mawese. Ndakala, vile vidagaa, wa kukaanga. Wakuu, ndakala! Kuna mwenzetu alivua kofia.

"Karibuni, bana yangu," anasema Papa Donati. "Munawe mikono."

"Na ninyi benyewe, papa? Hamukule?" tukamuuliza.

"Sisi tunafunga leo. Tuko mu maombi."

Tukawaonea huruma. Kalala, yule wa mbio kuliko sote, mwili kama msumari, alininong'oneza akiniita kaka, "Yaya, tukule kidogo, mechi iko karibu."

Nikamjibu kama mtu mwenye akili: "Weye, kesho utakula nini? Sukuma tonge."

Tulikula kama watu wanaohama. Beseni zikalambwa. Kalala mwenyewe, mshauri wetu wa afya, alimaliza kwa kidole.

Mechi haina hadithi ndefu. Dakika ya tatu nilipata mpira, njia nyeupe, nikaanza kukimbia, na bukari ikakataa. Ilibaki nyuma, mimi mbele, tukavutana. Kalala aliinama chini ya kikapu ameshika tumbo, mzee mmoja akampita akitembea, akatupa, ikaingia.

Hawakutuzuia, hawakunyanyua hata mkono. Watu pembeni wanapiga mayowe: "Umeme imekatika! Leteni mushumaa!"

Tukapigwa vibaya. Siwapi pointi, heshima kidogo nimebakisha.

Kisha gunia likaletwa, nalo limelegea katikati kama mzee aliyevuliwa mkanda. Nusu haipo. Nikapayuka kwamba shemasi ameiba.

Papa Donati hakukasirika hata kidogo.

"Mutoto, ile bukari ya mchana ulizani inatoka mbinguni? Nusu yenu mulikula. Hii nusu ni ya kwetu."

Uwanja mzima ukacheka. Yule mama wa unga akacheka mpaka akakaa chini.

Nilimchukia miaka mingi. Baadaye nikajua kwake walilala watu kumi na mmoja na wajukuu walishavimba miguu kwa njaa. Alikuwa na miguu mibovu na kufuli moja, akacheza navyo. Wakubwa wa nchi walitufanyia hivyo hivyo kila walipokuja kuhutubia, wanatupikia kutoka gunia letu na sisi tunapiga makofi. Tofauti ni kwamba Papa Donati alikiri siku ile ile.

Kwa hiyo somo, nyie wa takwimu. Kabla ya kunitajia défense kali ya zama yoyote, niambieni kwanza waliozuiwa walikula lini mara ya mwisho. Bila hilo mnapiga kelele tu.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Njiani nilipanga uongo mzuri, wa kumsingizia mwamuzi. Julienne alikuwa mlangoni, pacha mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Akaangalia mikono. Akaangalia shati langu, mawese mpaka kwenye vifungo.

"Ulikula?"

Nikasema ndiyo.

"Peke yako?"

Nimewapita watu wengi na mpira mkononi, wakuu. Pale sikupita, na miaka yote hii bado sijapata jibu.

Haya, wa kubisha aje abishe. Na mwenye jibu la Julienne aliandike hapo chini, mwenyewe Julienne yuko chumba cha pili, nitamsomea.