Milioni Mbili Waliosikia Jina la Twaiba

Mwanapili wa Majoreni aliimba miaka thelathini bila mwanamume kumsikia, na kati ya wote niliowapigia ngoma hapakuwa na hodari kama yeye. Mimi, mwanamke mwenzake, ndiye mpiga ngoma wake, kwa hivyo msitegemee niwe mpole katika habari hii.

Kazi yake ilikuwa kuimba kwenye singo. Biharusi anasuguliwa liwa na manukato chumbani, wanawake peke yao, mlango umefungwa, na Mwanapili anamwimbia. Anamtaja kwa jina, anamsifu shingo, kiuno na mengine ambayo siyaandiki hapa, mpaka mwari anacheka na woga unamtoka. Hizo si nyimbo za barazani. Hata mume hazisikii.

Sisi wa kazi hii tuna desturi yetu. Jina la biharusi hukaa ndani ya wimbo mpaka apatikane mwingine. Ukiimba jikoni, ukiimba shambani ukipalilia mihogo, unamwimba yule wa mwisho, maana wimbo usio na jina ulimi unakwama. Na mwaka jana wa mwisho alikuwa Twaiba, mtoto wa marehemu dada yake. Mwanapili alimlea tangu ana miaka minne, akamwoza kwa Swabir, mwenye duka la dawa Msambweni.

Miezi miwili baada ya harusi ile akaja Abdulaziz kutoka Ukunda. Ana lebo ya muziki, ofisi yake iko juu ya duka la mabati. Shikamoo yake ndefu, kichwa kimeinama, akasema anataka kuzihifadhi nyimbo za kina mama zisipotee. Mwanapili akatia saini, akaingia studio, akaimba kama alivyozoea. Jina lilikuwa Twaiba. Alidhani wanajaribu sauti tu, na kwamba siku ya wimbo wenyewe ataulizwa ni harusi ya nani. Nami nilikuwepo, ngoma mapajani, nikadhani vivyo hivyo. Hatukuulizwa kitu.

Wimbo ukapandishwa mtandaoni. Wiki ya tatu Abdulaziz akatundika bango njiapanda ya Ukunda, picha ya Mwanapili na chini yake maandishi kwamba wimbo wake umesikilizwa mara milioni mbili. Kwale nzima hatufiki milioni moja, hata uwahesabu na wachanga walioko mgongoni. Hilo halikutupitia akilini. Mwanapili alifurahi, na mimi, naona aibu kusema, nilifurahi kumshinda.

Swabir si mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, tungepumua. Mteja mmoja alimchezea wimbo ule dukani kwake, kwenye simu, huku akitabasamu. Siku tatu baadaye Swabir akamrudisha Twaiba Majoreni kwa talaka moja.

"Mama," alimwambia Mwanapili pale mlangoni, "watu milioni mbili wanajua kilichoko chini ya kanga ya mke wangu. Mimi nitapita wapi?"

Talaka moja inarejewa iwapo eda haijaisha, na Twaiba alikuwa akimtaka mumewe. Hakula vizuri, hakumlaumu mama yake mkubwa hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomuumiza Mwanapili zaidi. Basi tulikuwa na miezi mitatu ya eda.

Tukaenda Ukunda kumwomba Abdulaziz autoe wimbo.

"Mama yangu, wimbo ni wa lebo, umetia saini mwenyewe," alisema. "Na wimbo wa milioni mbili hautolewi. Hoteli za Diani zinanipa kazi kwa sababu ya hizo milioni."

Aliyetushusha ngazi ni Judy, binti wa Nairobi anayemfanyia kazi. Alimwona Mwanapili akifuta macho kwa ncha ya buibui, akasimama, akafungua mlango wa chumba cha chini. Ukutani kulikuwa na rafu za mbao, na kwenye rafu simu, mamia ya simu, zote zinawaka, zote zinacheza nyimbo, na chumba kizima kimya. Joto lilitupiga usoni kama tumefunua chungu.

"Mathe, usilie," alisema Judy. "Hizo milioni ni hizi simu tu, zinaplay mchana na usiku. Hakuna msee ameskia."

"Hakuna mtu hata mmoja?"

"Wachache sana. Wengine wote ni simu."

Sijawahi kumwona mtu akishukuru namna ile kwa kudanganywa. Sifa yote aliyojivunia ilikuwa hewa, na yeye alimbusu Judy mikono yote miwili. Tukaenda moja kwa moja Msambweni. Swabir alitusikiliza mpaka mwisho.

"Nipatie karatasi, mama," alisema. "Ukisema wewe kwa mdomo na bango likisema vingine, watu wataamini bango."

Tulirudi kwa Abdulaziz kuiomba hiyo karatasi, akacheka. Alisema akitaka anaweza kutuandikia ya milioni tatu. Nilimtukana mbele ya wateja wake na sijutii.

Mwezi ukapita, na wa pili. Zikiwa zimebaki siku tisa eda iishe, wenye mtandao wa muziki wakagundua mchezo, wakaufuta wimbo na kumwandikia Abdulaziz barua. Judy, aliyekuwa ameshaacha kazi lakini bado anaweza kufungua barua pepe za ofisi, akatutumia barua hiyo. Ilieleza kwamba milioni mbili zile zilikuwa za uongo, na kwamba waliosikiliza kweli walikuwa watu mia tatu na kumi na wawili, karibu wote wa Kwale. Tukaichapisha kwenye karatasi. Twaiba akafunga nguo zake kwenye mkoba, akapaka wanja, akakaa kungoja simu yetu.

Swabir aliisoma mara mbili akiwa amesimama nyuma ya kaunta. Mara ya kwanza uso ulimlegea, nikamwona tena yule bwana harusi wetu. Mara ya pili alisoma polepole.

"Kwa hivyo ni watu mia tatu na kumi na wawili," alisema.

"Ndio, mwanangu. Si milioni," Mwanapili akamjibu.

"Na wote wa huku huku."

Nje watu walikuwa wakitoka kuswali adhuhuri. Wawili watatu walimpungia mkono, naye akawarudishia, akiwatazama mmoja mmoja mpaka wakapita.

"Wale milioni mbili walikuwa mbali, mama," alisema. "Nilikuwa nimeshaanza kuwasahau, maana sitawaona. Nilishasema moyoni nitamrejea, karatasi ije au isije. Lakini hawa mia tatu ndio ninaowauzia dawa. Ndio ninaosimama nao safu moja msikitini."

Aliikunja barua, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zake zote.

Mwanapili alinisukumia simu. Ilibidi nimpigie Twaiba mimi. Alipokea upesi, akanisalimu, na kabla sijafungua kinywa akaniuliza aje na gari la saa nane au angoje la saa tisa.