Dawa ya Tambi

Kwenye ploti yetu hapa Kitengela, kale kakaratasi ka unga kanakokuja ndani ya pakiti ya tambi kanaitwa dawa. Sijui nani alianzisha. Utasikia jirani akimwambia mtoto, "Usimwage dawa yote," na hakuna anayeshtuka. Mimi pia niliita dawa miaka yote, wala sikuona ubaya.

Mama alikuja kukaa nami kwa sababu ya macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa anaona mwanga na vivuli, na kivuli kikikohoa alijua ni mimi. Daktari wa macho alisema upasuaji wenyewe ni mdogo, lakini hamgusi mpaka presha ishuke. Nesi wa kliniki akampa vidonge, na mimi akanipa masharti: chumvi ipungue, na shosho, ndivyo alivyomwita Mama, asiruke dawa hata siku moja. Hilo la dawa alilirudia mara tatu. Mama aliitikia kila mara kama mtu anayeapishwa.

Shida ikawa chakula. Meno ya Mama yamebaki machache na hayaelewani. Githeri alikataa, nyama alikataa, ugali akasema unamkaba. Alichokubali ni tambi za pakiti, kwa vile zinateleza zenyewe. Mwanamke aliyetulea sisi sita kwa njahi na viazi vitamu, sasa ananiuliza, "Leo hakuna zile za dakika tatu?"

Nikasoma nyuma ya pakiti. Unga wa ngano, mafuta, chumvi, halafu majina marefu ambayo sikuyapenda. Ya kumjenga mtu mgonjwa hapo ni kidogo sana. Basi nikaamua kuzirekebisha. Nilichemsha tambi, nikamwaga yale maji ya kwanza yenye mafuta, nikatia supu ya mifupa isiyo na chumvi, karoti iliyokunwa, mboga za managu zilizokatwakatwa, na yai la kienyeji kutoka kwa mama wa maziwa wa Kisaju. Huyo mama alionja siku moja, akafikiri kidogo, akasema kwa upole kwamba ndama angependa.

Dawa niliweka robo tu. Iliyobaki nilikunja na karatasi yake nikatupa, na kila siku nilijisifu kwa sauti: "Hii dawa ingine natupa, haina maana."

Presha ilikataa kushuka. Tuliporudi kliniki ilikuwa imepanda. Mara ya pili imepanda zaidi. Niliongeza managu. Mashine ya kupima nikaishuku, na nesi pia nikamshuku kidogo. Mama alikuwa ameanza kugonga milango na paji la uso, na mimi nilikuwa naogopa kwamba atakufa bila kuniona tena.

Mara ya tatu nesi akamwinamia. "Shosho, dawa unameza kweli?"

"Nameza zote," Mama akasema. "Hata zile huyu anatupa."

Akafungua kibeti, akatoa leso yenye fundo. Ndani mlikuwa na karatasi nane tupu za unga wa tambi, zimekunjwa vizuri. Kila nikienda kuanika nguo, alikuwa akizitafuta kwa vidole ndani ya ndoo ya taka na kukorogea kwa uji wake. "Iko na chumvi mingi," alimweleza nesi, "lakini dawa ni dawa."

Nesi alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Nilimkasirikia Mama, nikamkasirikia nesi, halafu nikaona mwenye makosa amebaki mmoja.

Tulipofika nyumbani nilimwambia unga ule ni chumvi na viungo tu. Nikamuuliza mbona hakuniambia kitu siku zote hizo.

Alipapasa meza mpaka akapata kikombe chake. "Nilifikiri umechoka na mimi," akasema. "Nikaona nikikuuliza, utaniambia ukweli."

"Na bado ulikuwa unakula chakula changu?"

"Chakula kilikuwa kitamu."

Nilienda jikoni nikalia huko, bomba likiwa wazi asinisikie. Kuanzia siku ile ndoo ya taka inakaa nje, na kale kakaratasi nakaita chumvi, hata majirani wakinicheka.

Presha ilishuka polepole, na daktari akakubali. Siku waliyomtoa bandeji nilimpikia bakuli lake kama kawaida. Akaliinamia, akazichota tambi kwa uma, akazitazama zikining'inia.

"Kumbe ni hii minyoo umekuwa ukinipatia," akasema, akasukuma bakuli upande wangu.

Kisha akainua uso akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, nywele, macho, hadi mikono.

"Umechoka kweli," akasema. "Lakini si na mimi."