Kinanda Chenye Kitufe Kilichokufa

Mama mpiga pasi alikuwa na tabia ya kurudi kuhakikisha kwamba ameichomoa pasi. Akifika mlangoni, anarudi. Akifika getini, anarudi tena. Wenzake pale kwenye ukumbi wa sherehe alikofanya kazi humtania, "Mama Vidole, pasi inasemaje, imekumiss?" Naye huwajibu, "Chekeni tu. Moto haupigi hodi."

Vidole ni jina la utani la binti yake, mpiga kinanda wa ukumbi huohuo. Alilipata akiwa na miaka tisa, kwa kugonga meza ya chakula asubuhi hadi jioni, mpaka baba yake, fundi viatu, akasema, "Mnunulieni mtoto huyu kitu, kabla meza haijavunjika." Mama ndiye aliyekwenda kununua. Alipata kinanda cha mtumba, akabonyeza vibao vyote kimoja kimoja, vyeupe na vyeusi, vikalia. Vitufe vidogo vya juu hakuvigusa. Hakujua ni vya nini, na aliona aibu kuuliza.

Kumbe kimoja kilikuwa kimekufa, tena kile ambacho wapiga vinanda wengi hukiegemea kama mkongojo. Kazi yake ni kuhamisha sauti: mpigaji anabaki kwenye vibao alivyozoea, na mashine yenyewe inaupandisha au kuushusha wimbo mpaka umfae mwimbaji. Wenzake wote shuleni walikuwa nacho. Vidole hakuwa nacho, ikambidi kila wimbo ajifunze kuuanzia kila mahali, mara kumi na mbili, kwa kuwa kinanda kina sauti kumi na mbili za kuanzia. Siku moja alifunga kinanda huku machozi yanamtoka, akasema, "Mama, uliuziwa kibovu." Jioni aliomba radhi, lakini neno lilikuwa limeshaingia. Miaka kumi na saba mama alitembea nalo kama kokoto kwenye kiatu.

Sasa Vidole ni mtu mzima, na ana maneno yake kuhusu muziki. Yeye hupenda wimbo unaotoka nyumbani, ukatembea, ukarudi na habari. Redio ya jikoni ikipiga wimbo mpya, husimama na mwiko mkononi, ametega sikio.

"Bado," husema. "Bado haujaenda popote. Sauti mbili tu, mama, nenda rudi, nenda rudi, kama mtu aliyesahau funguo."

"Lakini watu wanaucheza, mwanangu."

"Hata aliyeingiwa na siafu anacheza."

Mama hucheka mpaka machozi yamchuruzike, kisha hofu humrudia. Mdomo wa namna hiyo ni mtamu jikoni. Mbele ya meneja ni jambo jingine.

Na meneja wa ukumbi alikuwa ameshapata mtu mwingine: kijana mwimbaji anayeitwa Asali, ambaye bendi yake nzima, ngoma, gitaa na kinanda, ilikaa ndani ya flashi isiyozidi kidole. "Binti," meneja alimwambia Vidole, "Jumamosi mtafanya kazi wote wawili. Wageni wakiridhika na flashi, wewe utapumzika." Alisema "utapumzika" kwa upole, kama daktari. Mama aliyasikia hayo akiwa nyuma ya rundo la vitambaa vya meza, na kutwa nzima hakukumbuka ni vingapi alivyokunja.

Jumamosi hiyo mchana ilikuwa sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa anastaafu. Chumba cha pasi kina kidirisha kinachotazama ukumbini. Mama alikuwa anapiga pasi vitambaa vya meza za chakula, jicho moja kwenye kitambaa, jingine kule.

Asali ndiye aliyeanza, na haki isemwe, kijana alijua kazi yake. Wageni waliinuka. Meneja alisimama karibu na mlango akitikisa kichwa kwa mdundo, na kila alivyotikisa, mama aliona binti yake anafukuzwa.

Asali alipomaliza alipita karibu na kinanda, kilekile cha mtumba, ambacho bado kilikuwa kimefunikwa shuka. "Dada, huyo mgonjwa wako anapumua kweli?"

"Anapumua. Na wewe mdogo wangu una sauti nzuri, ndiyo maana nakuhurumia kuifungia kwenye chupa."

Kabla Asali hajajibu, mwalimu mkuu aliomba kipaza sauti. "Nimewaimbisha watoto wenu miaka thelathini na minane," alisema. "Leo naimba mwenyewe." Akataja wimbo wa kuagana ambao kila aliyepita darasani kwake aliujua.

Asali alikuwa nao kwenye flashi. Akauwasha. Muziki ukaanza kwa sauti yake, mwalimu akaanza kwa yake, wakawa kama watu wawili waliobeba kitanda, kila mmoja analenga mlango wake. Asali akausimamisha, akauanza upya. Ikawa vilevile. Wanafunzi wa zamani wakaanza kutazama viatu vyao. Mwalimu akashusha kipaza sauti.

"Basi, wanangu. Ni uzee."

Vidole akaondoa shuka. "Imba, mwalimu. Anzia unapotaka."

"Nitakupoteza, binti."

"Jaribu."

Mwalimu akaanza, chini kabisa, mahali pasipo na adabu. Vidole alisikiliza neno la kwanza, la pili, la tatu akawa yupo naye. Ubeti wa pili mwalimu akapandwa na furaha, akapaa bila kuaga mtu. Vidole vya binti vikaacha vibao vyeupe, vikamfuata kwenye vyeusi. Wa tatu machozi yakamshusha, vikashuka naye taratibu, kama mtu anavyomshika mama yake mkono kwenye ngazi.

Kule kidirishani, mama alizijua njia hizo zote. Hapa mtoto aligoma kula. Hapa alifunga kinanda akilia. Na hapa, baba yake alisema, "Huyu hachoki?" Hakuna aliyebaki ameketi ukumbini. Walimu, wazazi, wapishi, wote walikuwa wanaimba.

Wimbo ulipoisha, Asali aliinama juu ya kinanda. "Dada, umebonyeza kitufe gani?"

"Hakuna. Kimekufa tangu nikiwa na miaka tisa."

"Duh! Pole."

"Pole ya nini?" Vidole aligeuka, akatazama moja kwa moja kwenye kidirisha cha chumba cha pasi. "Mama yangu alinichagulia vizuri."

Mama alishika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili.

Meneja akaingia chumba cha pasi akifuta uso. "Mama Vidole, mwambie binti yako Jumamosi ijayo aje mapema. Mwalimu anasema akimsikia yule mwenye flashi tena atarudi kazini kumchapa. Na huyo Asali mwenyewe anaomba apigiwe kinanda." Kisha akanusa. "Mbona kunanuka?"

Pasi ilikuwa imelala juu ya kitambaa cheupe. Mama aliichomoa, akakiinua kitambaa. Katikati kulikuwa na alama ya kahawia, umbo la pasi kamili, ncha na yote. Meneja alifungua mdomo.

"Nitaleta kingine, bosi," mama alisema, akakikunja vizuri, alama juu. "Hiki ni changu."

Siku hizi kinanda hakifunikwi shuka, kinafunikwa kitambaa kile cheupe. Na mgeni akiuliza alama ile ya nini, mama humwambia akae kwanza.