Siku Niliyovaa Mapezi Marefu Kwenye Ubatizo

Aibu hii nimeificha miaka, na hata leo nikipita karibu na hoteli moja hapa Kampala naangalia upande wa pili wa barabara, lakini kwa kuwa mnapenda kunicheka kwa vitu vidogo vidogo, wacha leo niwape cha kucheka haswa.

Enzi hizo nilikuwa mgeni Kampala, nauza vitambaa na vikorokoro kule Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, dukani kwa Mama Njoki, Mkenya mwenzangu aliyenichukua kwa mama yangu Machakos na kuniambia kabisa kwamba nikimwangusha atanirudisha (na kurudi nyumbani mikono mitupu, jamani, uso ningeuweka wapi?). Basi katika mzigo wa vifaa vya michezo tukajikuta na magunia mawili ya mapezi, vile viatu vya mpira vyenye ubapa mrefu mbele ambavyo wapiga mbizi huvaa wapate kusukuma maji. Kikuubo nani ananunua mapezi? Yalikaa pale mpaka mteja mmoja akauliza kama ni ya kupepea mkaa.

Ndipo akaja Afande Odongo, askari wa uokoaji ziwani, mtu wa Lira, mrefu na mpole, anatafuta mapezi ya kikosi chake. Alinitazama, akauliza, "Wewe ni Mkenya?"

"Ndiyo, afande."

"Basi wewe ni ya Mombasa. Maji unajua."

Nami, badala ya kumwambia kwamba mto wa kwetu ni mchanga mtupu na maji tunayachimba, nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia tu! Mama Njoki akasikia, akafurahi, akaniuliza, "Kumbe wewe unajua kuogelea?" Nikajibu, "Tangu utotoni, Mama." Halafu mdomo ukashika njia: haya ya kuvaa kama raba ni ya watoto, haya ya mkanda wa kisigino ni ya waoga, haya yaliyopasuliwa katikati yameharibikia kiwandani (kumbe ndivyo yalivyoundwa), ila haya marefu, afande, haya ndiyo ya wanaume.

"Sawa," akasema bila haraka. "Jumamosi utanionyesha kwa swimingi."

Jumamosi mimi na afande tukafika na gunia zima kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, tukakuta kanisa fulani limekodi upande wa maji mafupi kwa ajili ya ubatizo, mchungaji yumo ndani ya maji, waumini wamejipanga na kanzu nyeupe, wanaimba. Upande wa kina ulikuwa wazi, unatungoja. Mimi nani nikaribie kina? Nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Majaribio huanzia maji mafupi, afande," nikayavaa yale marefu palepale mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo, nikaanza kutembea. Mwenye kujua huvalia ukingoni, au hutembea kinyumenyume. Mimi nilitembea kwenda mbele kama mtu anayekwenda sokoni, pezi la kushoto likakanyaga la kulia, nikapita kati ya kwaya kwa kasi ambayo sikuipanga, nikaingia majini kichwa kwanza, miguu ikabaki inapiga hewa, na kitu cha kwanza ulichoshika mkono wangu ni joho la mchungaji.

Tukazama wote wawili. Nilipoibuka napiga kelele "Nakufa! Mama Njoki, nakufa!" waumini walishaamua kilichonipata, wakaninyooshea mikono, wanapaza sauti, "Fuluma! Fuluma!" (yaani toka, wakimfukuza pepo), na kadiri walivyokemea ndivyo nilivyozidi kujirusha.

"Hiyo si pepo!" Afande akapiga kelele kutoka ukingoni. "Hiyo ni viatu! Wewe, simama! Simama tu!"

Nikasimama. Maji yalinifika tumboni.

Mchungaji, Mungu ambariki, alinipa taulo lake. Afande hakucheka. Alikwenda upande wa kina akayajaribu mapezi moja moja kama mtu anayechagua kiatu cha harusi, akaniita niketi karibu, akanieleza: ya kama raba yanabana na hayavaliki juu ya buti, yaliyopasuliwa hayachoshi mguu lakini kwa ziwa letu yatanasa kwa magugu, marefu ni ya mtu anayezama bila mtungi wa hewa. Akachukua ya mkanda, yale niliyoyaita ya waoga, kwa sababu ukinaswa unayavua upesi. Naikumbuka sauti yake ile na natamani kuisikia tena, maana baada ya hapo Jumamosi nyingi alinifundisha kuogelea, hadi alipostaafu akarudi Lira.

Lakini jioni ile nilikuwa na Mama Njoki wa kumkabili. Nilimweleza yote, nguo bado mbichi, nikasema najua nimemwaibisha na niko tayari kupanda basi. Alikunja kitambaa alichokuwa anakipima, polepole, kisha akasema:

"Ya mkanda yameuzika, hiyo sawa. Lakini mimi sikukutoa kwa mamako juu ya kuogelea. Nilikutoa juu ya vile ulikuwa husemi uongo."

Heri angenitukana. Aliniacha nibaki, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, akinisikia naanza kumsifia mteja kitu, alikuwa anainua macho tu kutoka kwenye kazi yake, nami nashusha sauti, namalizia, "Ila hiki mwenyewe sijawahi kukitumia." Sasa yeye amerudi Kenya, duka ameniachia, hakuna tena wa kuniinulia macho, na bado naisema kauli ile.