Mbuzi ya Nazi Aliyoiunda Baba

Harufu ya nazi iliyokunwa sasa hivi, ikichanganyika na ya chuma kilichotoka kuchomelewa, hunirudisha Temeke, katika mwezi wa Shaabani wa mwaka uliotangulia kuandikishwa kwangu shule, nikiwa tayari msichana mkubwa, maana nilichelewa kuanza masomo. Mbuzi ya Bibi ya kukunia nazi, ya mninga, ilivunjika mguu akiwa ameikalia, naye akaanguka na kuumia nyonga. Shangazi akaja kutoka Mbezi Beach, akatamka kwamba jiko sasa limemshinda mama yao, na kwamba mwezi ukiandama atamchukua akakae kwake. Bibi hakubishana naye. Alimwambia Baba tu kwamba kukaa akitengewa chakula kama mgeni ni kuzikwa mapema.

Baba alikuwa mchomeleaji katika yadi ya makontena Kurasini. Alirudi na mbuzi ya chuma, akaipanda kama baiskeli, akaitikisa na kutangaza kwamba inabeba wanaume wawili. Ilikuwa kweli. Lakini Bibi alipoikalia ikapinduka, nikamdaka. Baba akaongeza vyuma. Ikawa nzito zaidi, ikapinduka vilevile. Shangazi akaanza kukunja nguo za Bibi.

“Mwanangu,” Bibi akasema taratibu, “wewe unakaa kiume. Mie nakaa upande, nina kanga.”

Baba akamwomba kanga yake, akajifunga kiunoni, akabana miguu na kukaa upande, kifuu mkononi. Akaanguka chali.

“Pole, wifi,” Mama akamwambia huku akichagua mchele, na hata Shangazi akaliacha begi ili acheke.

Baba alishinda na kanga ile hadi alasiri, akikaa na kuinuka, akitia chaki mahali uzito unapoegemea. Kesho yake alirudi kutoka kazini na ile mbuzi ikiwa imepanuliwa miguu ya upande mmoja na kuwekewa ubao mpana. Bibi akakaa. Ikatulia. Alikuna nazi nzima, nami nikasikia pumzi ndefu ikimtoka Baba. Shangazi alirudi Mbezi Beach peke yake.

Siku hizi nazi yangu hukunwa kwa mashine sokoni, na sioni haya. Tangu mume wangu afariki, wanangu wamekuwa wakinisihi nihamie kwao Mbweni. Mwezi uliopita binti yangu, ambaye ni mhandisi, nalisema kwa kujivuna, alikaa jikoni kwangu asubuhi nzima akitazama ninavyoinama na ninavyofikia sufuria. Alipoondoka alikuwa amepima urefu wa meza mpya, na habari ya kuhama hakuitaja tena.