Nyimbo za Somo Ndani ya Diski

Soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, mitumba ya kila namna iliteremka Lindi, mpaka kompyuta. Nikanunua moja kwa ajili ya kibanda changu cha kuchapa barua, nikajiona mtu wa maana.

Somo yangu, bibi aliyenifunda unyagoni, alikuwa ameanza kusahau. Majina ya majirani yalimtoka, wala hakujali. Alipopotewa na ubeti mbele ya mwali ndipo alipolia. Akaja kibandani kuniimbia nyimbo zote za unyago nizichape. Daftari alilikataa katakata, eti litasomwa na mume wa mtu, na nyimbo hizo ni mwiko kwa wanaume. Kompyuta ilikuwa na neno la siri, basi akaiamini kuliko mashoga zake.

Asubuhi moja ikagoma kuwaka. Tumboni inagonga tu, na kioo kimejaa Kiingereza cha shari kuhusu diski. Fundi pekee aliyepatikana alitoka Mtama, na alikuwa mwanamume. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Tengeneza, lakini usitazame."

Bibi akafunika kioo kwa kanga. Fundi akaomba walau asome mashine inasema nini. Akaruhusiwa kuchungulia pembeni, bibi kasimama nyuma yake na ndala mkononi. Ningecheka, ila nyimbo zile hazikuwa na nakala popote.

Fundi akasema diski imeoza baadhi ya sehemu. Mashine itazikagua na kuziruka.

"Zilizooza zina nyimbo gani?"

"Bibi, mashine haijui nyimbo."

Ilipowaka, nilijitumbukiza chini ya kanga, mimi na kioo, nikafungua faili. Karibu zote zilikuwepo. Wimbo wa kumtoa mwali ndani ndio uliokatika baada ya ubeti wa kwanza. Chini yake takataka tupu. Nikamnong'oneza bibi. Akafumba macho, akaanza kuuimba chinichini, akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale. Mimi machozi yakanitoka.

Fundi alikuwa anakaza skrubu. Akakohoa, kisha akaimba ubeti wa pili kwa sauti ya chini, bila kukosea.

Bibi akamtandika ndala ya bega. "Umeupata wapi, mshenzi wewe?"

"Nyumba yetu ilipakana na ua wa unyago, bibi. Tulilala tukisikia."

Bibi akainua ndala tena, ikabaki hewani. Akanigeukia mimi. "Chapa." Kisha akamwambia fundi, "Na wewe endelea. Ila geukia ukutani."