Maziwa ya Kuoshea Sumu

Saa mbili asubuhi haijafika, na Narmandakh ameshafuta damu puani. Anakunja tishu, anaitia mfukoni, kisha anazamisha koki za bafuni kwenye tangi la kromu ili zipate kung'aa. Mvuke wa manjano unampanda usoni. Feni ya kuuvuta nje imekufa tangu mwaka jana.

"Dada, leo damu imechelewa," anamtania Purevjav, Mmongolia mwenzake wa tangi la pili.

"Nilikuwa nakusubiri wewe, kaka. Tuanze pamoja."

Wanacheka. Kisha kila mmoja anafungua pakiti yake ya maziwa.

Katika kiwanda hiki kidogo cha Siheung, Korea Kusini, maziwa ndiyo kinga yao, na waliyaomba wenyewe. Mama yake Narmandakh alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha ngozi, Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, enzi ambapo kila aliyeshika dawa kali alipewa maziwa kazini.

"Mama alisema yanaosha sumu yote," anaeleza Narmandakh, mwenye miaka thelathini na minane. "Basi nilipofika hapa, bosi akaniuliza nahitaji nini. Sikusema barakoa. Nikasema maziwa."

Bosi alifurahi. Maziwa ni rahisi kuliko feni.

Ameyanywa miaka sita. Mwezi uliopita, katika zahanati ya wafanyakazi wageni, daktari alimmulika puani kwa taa. Ukuta unaotenganisha matundu ya pua ulikuwa umetoboka.

"Akaniambia nifumbe macho, ninuse. Sikusikia harufu yoyote. Kufumbua, kumbe ameshika kitunguu saumu."

Daktari alimweleza taratibu: maziwa yanakwenda tumboni, mvuke unapita puani. Tundu halitaziba. Akiondoka sasa, huenda mapafu yakasalimika.

Lakini mgeni hahami kiwanda bila ridhaa ya mwajiri. Akitoroka, anapoteza kibali cha kuishi nchini, na mshahara wake ndio unaowalisha mama yake na mwanawe huko nyumbani. Alimwendea bosi kuomba ruhusa ya kuhama.

"Mbona wengine hawalalamiki?" bosi alimuuliza. "Nikuongezee maziwa?"

Narmandakh anatazama mikono yake. "Hakuwa ananikejeli. Alisema kwa huruma kabisa. Hapo ndipo nguvu ziliponiishia."

Kwa hiyo anaendelea kuzamisha koki. Mkataba wake unaisha majira ya baridi, na anapanga kufika nyumbani kabla ya Mwezi Mweupe, mwaka mpya wao. Mwanawe Temuulen, aliyemwacha akitambaa, sasa anasoma shule.

Kwao mzazi hambusu mtoto. Humnusa utosini, akaivuta harufu yake mpaka kifuani. Narmandakh amelifikiria hilo tangu siku ya kitunguu saumu.

"Nitamshika kichwa, nitavuta pumzi kwa nguvu," anasema. "Halafu nitamwambia, mwanangu, unanukia vizuri. Bado mdogo. Ataniamini."